Tuhesabu na wale waliopotea njiani

Wenzangu vijana wa Kaniama, wa Kamina, na ninyi wote mliotoka huku mukaenda kutafuta maisha Lubumbashi, Kolwezi ao Mbuji-Mayi,

Kila mwaka matokeo ya mitihani yakitoka, tunasikia hesabu moja tu: asilimia. "Shule yetu imepata 90 kwa 100." "Ile ya ng'ambo imepata 60." Watu wanakimbia na telefone mukononi, wanamwagiana pudre nyeupe ku kichwa, wanaimba njiani. Ni vizuri. Mtoto aliyefaulu tumupongeze, na mama yake tumupongeze mara mbili. Lakini kuko swali moja ambalo hatuliulizi: 90 kwa 100 ya nani? Ya watoto walioanza mwaka, ao ya wale waliobaki kusimama siku ya mtihani?

Maswali haya mawili hayana jibu moja. Na kati ya jibu la kwanza na la pili njo kunapotea watoto wetu.

Leo ninataka tuzungumuze juu ya shule ambazo watu hawaziongelei sana: shule ndogo za serikali zenye mwaka wa 7 na wa 8. Si primeri, juu ya primeri kila mwanasiasa ana maneno yake. Si zile shule kubwa zenye kutoa diploma ya Serikali, juu hizo ziko na wakubwa waliosomea humo na wanazikumbuka. Ninasema ile miaka 2 ya katikati, pale mtoto si mutoto tena lakini hajawa mutu mukubwa. Pale njo daraja letu linavunjika.

Tuanze na sheria, ili tusizungumuze hewani. Katiba ya 18 Februari 2006, artikle ya 43, inasema kama masomo ya primeri ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Halafu Sheria-Mama ya Elimu ya 11 Februari 2014 ikaleta wazo kubwa zaidi: elimu ya msingi haiishii mwaka wa 6. Inaenda mpaka mwaka wa 8. Miaka 6 ya primeri, halafu miaka 2 ya kumalizia msingi. Maana yake kwa maneno mepesi: mtoto wa Kongo aliyeacha masomo mbele ya kumaliza mwaka wa 8, inchi yenyewe inakubali kama nyumba yake ya elimu haijapata hata ukuta, iko paka fondasio nusu.

Mwisho wa mwaka wa 6 kuko ENAFEP. Mwisho wa mwaka wa 8 kuko TENASOSP, ile ya kuchagua na kuelekeza: huyu aende ku pedagojia, huyu ku teknike, huyu ku sayansi. Kati ya mitihani hiyo miwili kuko miezi zaidi ya 20. Na katika miezi hiyo hakuna redio inayosoma majina, hakuna pudre, hakuna mutu anauliza. Mtoto anaweza kutoka darasani ku mwezi wa Februari, na hakuna karatasi hata moja ya Serikali yenye kupiga kelele.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Hii si hesabu ya shule fulani, ni mfano tu wa kutufungua macho. Tuseme shule moja ndogo imeandika watoto 60 katika mwaka wa 7. Kati yao, wasichana ni 25. Miaka 2 ikipita, waliobaki ku mwisho wa mwaka wa 8 ni 24, na wasichana kati yao ni 6. Siku ya mtihani, 22 wanafaulu. Direkta ataandika katika raporo: 22 ku 24, ni 92 kwa 100. Raporo inapanda ku biro ya sudivizio, inaenda Kamina, inaenda Kinshasa. Kila mutu anafurahi. Lakini tukichukua wale 60 wa mwanzo, waliofaulu ni 37 kwa 100. Na kwa wasichana, hata kama wale 6 wote wamefaulu, ni 24 kwa 100.

Shule ni ile ile. Watoto ni wale wale. Hakuna mutu aliyeiba namba. Lakini 92 inasema "tuko sawa," na 37 inasema "nyumba inaungua." Sisi tumezoea kusikia ya kwanza, juu ya pili hakuna mutu anayeihesabu.

Mimi nilimaliza lisansi katika mambo ya elimu, na mpaka leo sina kazi. Jioni ninarudilia watoto wa kartie masomo, wale wa mwaka wa 7 na wa 8. Wazazi wananipa franka kidogo, ao sahani ya bukari, ao aksanti tu. Nimekaa na makaye ya watoto hawa, nimeona bultini zao. Mwaka mumoja mwalimu mumoja, rafiki yangu, alinionyesha rejista yake ya kuita majina asubui. Sitataja shule, juu shida si ya mwalimu mumoja wala ya direkta mumoja. Ile rejista ilikuwa na majina mengi yaliyopigwa mustari na biki nyekundu. Hakuna maelezo pembeni. Mustari tu. Nilimuuliza: huyu alienda wapi? Akasema: "Yule aliolewa." Na huyu? "Yule iko ku mashamba na baba yake." Na huyu? Akanyamaza, halafu akasema: "Yule, kweli, sijui."

Mwalimu anajua nusu ya historia. Biro haijui kitu. Na mustari mwekundu haupandi katika raporo.

Tujiulize basi, ni nani anakaa katika madarasa haya madogo, na ni nani anatoka?

Wa kwanza ni wasichana. Katika mwaka wa 1 wa primeri, ukisimama mlangoni, wasichana na wavulana ni karibu sawa kwa macho. Ukisimama mlangoni ya mwaka wa 8, huhitaji kuhesabu, utaona. Kati ya hapo na pale kumepita neno moja ambalo sisi wote tumelisikia nyumbani: "Mwanamuke atasoma mpaka wapi?" Kumepita maji ya kuchota, wadogo wa kubeba, soko ya kusaidia mama. Kumepita mimba, na mwanaume aliyeweka mimba anaendelea kutembea na kichwa juu. Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mutu asiyefikisha miaka 18, na hakuna ruhusa ya kumuoza. Hata Kodi ya Familia ilipogeuzwa mwaka 2016 ilirudilia ile ile 18. Sheria tuko nayo. Kile tunakosa ni mutu wa kuona kama kiti kimebaki wazi, na kwenda kuuliza wiki hiyo hiyo, si mwaka utakaofuata.

Nilikuwa na msichana mumoja katika wale ninaowarudilia. Hesabu alikuwa anaikamata mbele ya wavulana wote. Kisha Noeli hakurudi. Nilienda ku lupango lao, wakaniambia: "Alienda kwa shangazi." Shangazi gani, wapi, hawakusema. Shuleni, kama mjuavyo, jina lake lilipata mustari. Katika asilimia ya mwisho wa mwaka hakuonekana kama aliyeanguka. Hakuonekana kabisa.

Wa pili ni wavulana wakubwa. Kwa sheria, mtoto aliyeanza na miaka 6 anapaswa kuwa na 12 ao 13 katika miaka hii. Lakini angalia madarasa yetu: kuko wenye 15, wenye 16, wenye 17. Walianza nyuma, walirudilia mara mbili, walisimama mwaka mumoja juu ya franka. Kijana wa miaka 16 akiketi na mutoto wa 12, na mwalimu anamuita mbele ya wote kusoma, na hawezi, unafikiri atarudi kesho? Hapo njo kinga ya kubeba mahindi inamwita. Hapo njo anasikia jina la Kolwezi, na migodi, na anapanda gari. Huyu si muvivu. Huyu amepiga hesabu yake, na shule haikuwa na jibu.

Wa tatu ni wale wa mbali. Katika teritware kama yetu, kijiji kinaweza kuwa na primeri, lakini mwaka wa 7 iko ku kituo, ao kando ya gare, ao kando ya barabara kubwa. Mtoto wa miaka 12 anatembea asubui na giza, anarudi bila kula. Ao anawekwa kwa ndugu wa baba hapa mjini, na kule anakuwa mutumishi wa nyumba mbele ya kuwa mwanafunzi. Wakati wa mvua barabara inakatika, wakati wa mahindi baba anamwita. Reli ya SNCC ilifungua njia hii toka 1928, wakati ya wakoloni, kwa kubeba mali ya Katanga mpaka Ilebo. Karibu karne moja imepita, na kwa mtoto wa kijiji treni haijamufikisha shuleni bado.

Wa ine ni wale ambao lugha imewafungia mlango. Hapa kwetu tuko ku mpaka wa lugha. Kuko nyumba za Kiluba cha Katanga, kuko nyumba za Tshiluba, kuko Kanyok, na sokoni tunasikilizana kwa Kiswahili. Vita ya Kamuina Nsapu ilipotikisa Kasai mwaka 2016 na 2017, familia zilikimbia zikatawanyika mpaka ku majimbo ya jirani, na watoto wao wakaingia shule zisizo za lugha yao. Serikali inakubali lugha za inchi zitumike katika madarasa ya chini ya primeri. Lakini mwaka wa 7 kila kitu ni Kifaransa: hesabu kwa Kifaransa, sayansi kwa Kifaransa, na hata kukaripiwa ni kwa Kifaransa. Mtoto ambaye Kifaransa anakisikia paka mudomoni mwa mwalimu, tunamwandikia 3 ku 10 ya hesabu. Kumbe hesabu anaijua. Kile hakuelewa ni swali.

Na hapa ninaomba tuwe waangalifu. Mimi nikisema tujue nani iko shuleni, sisemi tuandike kabila la mtoto. Hapana! Sisi wa jimbo hili tunajua uzito wa swali "unatoka wapi?" Wazazi wetu waliona miaka ya 1992 na 1993, wakati Wakasai walifukuzwa Katanga, watu wakalala ku magare wakingojea treni, wengine wakafia humo. Hatuhitaji kolone ya kabila. Tunahitaji kolone ya miaka, ya msichana ao mvulana, ya umbali, na ya siku mtoto alipoacha. Hiyo inatosha kujua mlango gani umefungwa.

Sasa tuje ku wale waliobaki darasani. Wanajifunza nini? Banki ya Dunia ilisema mwaka 2022 kama katika Kongo, watoto 97 kwa 100 wa miaka 10 hawawezi kusoma maandishi mepesi na kuyaelewa. Tisini na saba! Hao njo wanaopanda kesho katika mwaka wa 7. Halafu juu yao tumeweka programu mpya ya hesabu, sayansi na mambo ya ordinatere, ile iliyoanza kuingia ku mwaka wa 7 mwaka 2018. Programu yenyewe si mbaya, nimeisoma. Lakini katika shule isiyo na umeme, mwalimu anachora ordinatere ku ubao na chaki. Anachora kibodi, anaandika neno "souris," mtoto anadhani ni panya. Mimi sichekelei mwalimu. Mimi ninamuheshimu, juu amekuja.

Amekuja, na wengi wao hawalipwi vizuri, na wengine hawalipwi kabisa. Toka mgomo mkubwa wa mwaka 1992, ni mzazi aliyebeba mwalimu ku mugongo kwa ile prime. Septemba 2019 Raisi Tshisekedi akatangaza masomo ya bure, na ilikuwa haki, juu Katiba ilikuwa inangojea toka miaka 13. Madarasa ya primeri yakajaa. Lakini kila mzazi wa hapa anajua: kile kinachosemwa ku redio juu ya mwaka wa 7 na wa 8 ni kimoja, na kile anachoombwa mlangoni ya shule ni kingine. Mtoto anatoka mwaka wa 6 ya bure, anagonga ukuta wa franka ku mwaka wa 7. Tumejenga ngazi, tukatoa kipago cha 7.

Na wenzetu walimu wapya, wale tuliosoma nao, wanafundisha miaka bila jina lao kuingia katika orodha ya malipo, ile iliyokuwa SECOPE na leo wanaiita DINACOPE. Mwalimu asiyelipwa anaishi na nini? Na mashamba yake. Siku za mashamba, darasa linakaa peke yake. Halafu tunasema watoto hawana akili.

Kuko jambo moja linaloniuma zaidi, na ninyi mnalijua. Jina la Kaniama linajulikana inchi nzima. Ukifika Kinshasa ukasema unatoka Kaniama, watu wanacheka, wanakuuliza: "Ulikuwa kuluna?" Juu Kaniama-Kasese njo kule Service National inapeleka vijana wa Kinshasa toka 2020, ili walime mahindi, wajifunze kujenga, wageuke watu wapya. Mimi sina neno baya juu ya vijana wale, ni ndugu zetu. Lakini tufikiri kidogo. Serikali imeweza kumutoa kijana zaidi ya kilometa 1,000, kumuleta mpaka kwetu, kumulisha na kumufundisha kazi, juu aliachwa bila masomo mpaka akakamata panga. Na pembeni ya mashamba hayo hayo, mtoto wa Kaniama wa miaka 13 anaacha masomo leo na hakuna anayemuona. Ni lazima angoje mpaka akamate panga, njo apate mwalimu?

Ninajua watu watakaosema: "Kosa ni la wazazi." Kuko wazazi wenye kosa, ndiyo. Lakini mzazi mwenye watoto 6 na shamba moja hafanyi uchaguzi kati ya zuri na baya. Anachagua nani aende na nani abaki. Ukitaka achague ingine, umupunguzie uzito. Kumukaripia hakujazi sahani.

Wengine watasema: "Ukianza kuhesabu wanaoacha, shule ndogo zitafungwa, juu zitaonekana hazina watoto." Hofu hii ninaielewa, na direkta wengi wako nayo. Ndiyo sababu wengine wanaacha majina ya watoto waliotoka yabaki ku karatasi, ili shule ionekane imejaa. Lakini tuangalie mahali njia hiyo inatufikisha. Inchi hii haijahesabu watu wake toka 1984. Sisi wenye miaka 20 na kitu hatujahesabiwa hata mara moja tangu tuzaliwe. Penye hakuna hesabu, kila mutu anaandika namba anayotaka: leo direkta anaongeza watoto 10 ili kuokoa shule, kesho mukubwa mumoja anaongeza walimu 1,000 wasiokuwako ili kula mishahara yao. Mwaka 2020 Banki ya Dunia ilitia sahihi msaada wa dola milioni 800 kwa elimu yetu, na mwaka uliofuata tukaona wakubwa wa elimu wakisimama mbele ya tribinali juu ya pesa. Namba za uongo hazikulinda shule ndogo hata moja. Zilimulinda paka mwizi. Wazee wanasema, anayeficha ugonjwa, kilio kitamufichua.

Na shule ndogo inayosema kweli iko na nguvu ambayo ile ingine haina. Ikisema: "Tulianza na 60, tumebaki 24, na waliotoka wengi ni wasichana wanaotoka mbali," hapo kuna kitu cha kudai. Unaweza kudai nyumba ya kulala wasichana wakati wa masomo. Unaweza kudai darasa la mwaka wa 7 liongezwe ku kijiji fulani. Ukisema tu "tumefaulu 92," utadai nini? Watakupigia mikono, watarudi Kamina.

Kwa hiyo tunaomba nini? Tunaomba mambo 5, na hakuna hata moja inayohitaji milioni.

Moja. Kila shule ya serikali yenye mwaka wa 7 na wa 8 ibandike ukutani karatasi moja, mara 3 kwa mwaka: ku mwanzo wa masomo, kisha Noeli, na ku mwisho. Karatasi iseme watoto wangapi, wasichana wangapi, wavulana wangapi, miaka yao, na wangapi wametoka tangu mara ya mwisho. Majina ya watoto yasiwekwe ukutani. Namba tu.

Mbili. Asilimia ya kufaulu ihesabiwe juu ya wale walioanza mwaka wa 7, na iandikwe kando ya ile ya kawaida. Zote mbili, pamoja.

Tatu. Mtoto akikosa wiki 2, komite ya wazazi iende nyumbani kwao. COPA iko katika kila shule, COGES iko, lakini mara nyingi tunazisikia paka siku ya kupanga franka. Kazi yao si kutia sahihi ku karatasi ya prefe tu. Kazi yao ni mtoto.

Ine. Kila mwaka gavana wa jimbo anatia sahihi ku karatasi ya franka za masomo. Tunaomba karatasi hiyo ibandikwe mlangoni ya kila shule, ili mzazi ajue nini ni sheria na nini ni desturi ya mutu. Na pale inaposemwa bure, iwe bure.

Tano. Walimu wanaofundisha bila malipo wahesabiwe nao, shule kwa shule, na hesabu hiyo ikae mbele ya macho ya watu. Mwalimu aliye darasani lakini hayuko katika orodha, na mwalimu aliye katika orodha lakini hayuko darasani, wote wawili waonekane.

Na sisi? Sisi vijana wenye diploma na lisansi tunaokaa ku kona tukingojea kazi, tunajua kuhesabu. Hatuhitaji ruhusa ya Kinshasa kwa kusimama mlangoni ya shule asubui ya Septemba, pamoja na direkta na komite ya wazazi, na kuandika watoto wangapi wameingia. Tuende kwa heshima, na barua mukononi, hatuendi kama polisi. Tuseme: "Mzee, tumekuja kusaidia kuhesabu." Direkta mwenye moyo safi atatupa kiti. Yule atakayetufukuza, hapo tutajua pa kuanzia maswali.

Wewe uliye Lubumbashi ao Kolwezi unaweza kufanya hivyo katika kartie yako, juu daraja hili halikuvunjika Kaniama peke yake. Chagua shule moja, ndogo, ile isiyo na jina. Iandikie hesabu ya Septemba. Rudi kisha Noeli. Rudi mbele ya mtihani. Mara ya kwanza utaona namba. Mara ya pili utaanza kuuliza majina. Mara ya tatu utakuwa unajua nyumba gani ya kugonga, na labda utafika mbele ya mustari mwekundu.

Mwaka huu matokeo yakitoka, mukisikia "90 kwa 100," mupige mikono, mumwage pudre. Halafu, mbele ya kurudi nyumbani, mumuulize direkta neno moja tu, polepole, bila makelele: walioanza walikuwa wangapi?